Nyumba Iliyokalishwa Eda

Jumapili, 25 Aprili 1971

Daftari, niwie radhi. Tangu Epifania sijaandika neno. Nilistaafu mwezi wa Desemba, nikadhani kwamba mwalimu asiye na darasa hana habari ya kuandika. Miaka thelathini niliwaambia watoto kuwa uvivu wa mkono huanzia kichwani. Basi leo na mimi nakaa kwenye benchi hilo hilo.

Habari imenifuata nyumbani. Alhamisi redio ilitangaza kwamba Serikali inayatwaa majumba ya kupangishwa. Ijumaa asubuhi nusu ya mtaa wa Gongoni ilikuwa kwenye baraza letu — nasema letu, lakini mimi ni mpangaji tu. Nyumba ni ya Bi Batuli. Nina vyumba viwili upande wa uani, mwaka wa kumi na mmoja sasa.

Nyumba yenyewe ni tembe la zamani. Baba yake ndiye aliyeliezeka mabati. Babu yake alikuwa kirangozi, akiongoza wapagazi mpaka pwani na kurudi. Safari yake ya mwisho alirudi na mlango. Mbao mbili nzito, zimechongwa maua na minyororo, zikabebwa mabegani kutoka Bagamoyo mpaka hapa. Ndiyo maana mtu akiulizia nyumba hii haambiwi namba. Huambiwa: pale kwenye mlango.

Shomari, mtoto pekee wa Bi Batuli, ni fundi cherehani na hushonea barazani. Ijumaa hakushona. Alikaa na futi yake shingoni akimsikiliza kila mpita njia. Mmoja alisema zitachukuliwa nyumba zote za mabati. Mwingine alisema zenye wapangaji wengi. Wa tatu: zile zinazoonekana kutoka barabarani. Hakuna aliyekuwa na gazeti.

Kisha akapita Bwana Lukumani, mnunuzi wa asali na nta. Alisimama ng'ambo ya barabara akaitazama nyumba kutoka paani mpaka chini, kana kwamba hajapata kuiona. Akamwambia Bi Batuli kwa upole:

"Dada yangu, nyumba hii inaonekana mno."

Akaenda zake. Maneno yakabaki.

Jumanne, 27 Aprili

Gazeti limefika kwa treni. Nimelisoma mara mbili, kisha nikaenda kumsomea Bi Batuli polepole. Jengo linalohusika ni la kupangishwa, na thamani yake iwe imezidi shilingi laki moja. Nikamkumbusha kwamba mwaka jana Bwana Lukumani mwenyewe aliitaka nyumba hii aifanye ghala la asali. Alitaja elfu kumi na nane, naye Bi Batuli akamcheka. Elfu kumi na nane haifiki hata robo ya laki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu ya kusikiliza. Kisha akaniuliza ni nani atakayepima.

"Wathamini wa Serikali, dada."

"Watatoka wapi?"

"Dar es Salaam, nadhani."

"Basi. Watu wa Dar es Salaam watajua ukuta wangu umeliwa na mchwa? Watajua paa linavuja chumbani kwa mpangaji wangu Zamda? Hawatajua, Mwalimu. Watauona mlango. Wakiuona mlango, watapima mlango."

Sheria imeandikwa vizuri, lakini haisemi mpimaji atasimama wapi anapotazama.

Alhamisi, 29 Aprili

Hii ndiyo wiki ya chokaa. Kila mwaka kabla ya Maulidi nyumba hii hupakwa chokaa upya, na siku yenyewe wanawake wa mtaa huja kula hapa. Hata mimi Mkatoliki huwa nachagua mchele.

Leo Shomari amekoroga, lakini si chokaa. Amekoroga udongo wa kichuguu, akaupaka ukuta wa mbele kwa viganja vyake mpaka weupe wote ukaisha. Akang'oa mabati ya baraza, akayalaza uani. Nguzo akazipaka majivu. Kufika adhuhuri nyumba ilikuwa kama iliyoungua zamani ikasahauliwa.

Zamda, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa akipanga vitumbua vyake kwenye sinia. Akamtazama Shomari na matope yake mpaka kwenye viwiko.

"Shomari, nyumba imefiwa na mume? Mbona umeikalisha eda?"

Watu wakacheka. Shomari naye akacheka.

"Eda ina mwisho wake, da Zamda. Wathamini wakishapita tutaiogesha, tutaitia na hina."

Kisha wakaugeukia mlango. Hauna bawaba. Kila ubao una ndimi mbili, wa chini umekaa kwenye tundu la kizingiti na wa juu umezuiwa kwa kigingi cha mninga. Shomari alivitoa vigingi, wanaume wanne wakazinyanyua mbao. Uwekwe wapi? Bi Batuli alikuwa sokoni. Shomari akasema, "Chumbani kwa Mwalimu. Nani atamshuku Mwalimu?"

Hivyo mlango wa kirangozi umeegemea ukuta wangu, kati ya kitanda na rafu ya vitabu. Mahali pake mbele ya nyumba limening'inizwa jamvi.

Nilimwambia Shomari kwamba uongo ni uongo hata ukiwa wa udongo. Akajibu, "Mama Mwalimu, mimi sijasema neno. Unaosema ni ukuta."

Bi Batuli aliporudi alisimama mbele ya jamvi. Hakumgombeza mwanawe. Aliuliza swali moja tu, nani aliyeutoa mlango. Shomari akasema ni yeye. Mama akaingia ndani bila kuvua baibui.

Jumamosi, 1 Mei

Mei Mosi. Maandamano yalikuwa mazuri mpaka mvua ilipoyatawanya — mvua ambayo sote tulidhani imekwisha msimu huu. Ilinyesha tangu saa saba mpaka saa kumi. Palipokuwa na mabati ya baraza palikuwa na mbingu. Maji yakapiga ukuta wa mbele moja kwa moja. Ni ukuta wa matofali mabichi, na miaka yote hii umelindwa na baraza na ganda la chokaa. Leo baraza halikuwa na paa, na chokaa ya mwaka jana ilikuwa imechakaa chini ya udongo. Shomari alikimbia na mabeseni, mimi na Zamda tukazuia maji kwa magunia. Mvua ilipokatika tuliona ufa juu ya mahali pa mlango. Naweza kuingiza kidole.

Jioni akaja Bwana Lukumani, amevaa buti za mpira. Akapokea kahawa, akaulizia afya ya kila mtu, kisha akataja bei yake. Elfu sita.

Halikuwa jambo langu, lakini nilisema.

"Bwana Lukumani, mwaka jana ulisema kumi na nane."

"Mwaka jana, Mwalimu, nilikuwa nanunua nyumba. Mwaka huu nanunua wasiwasi."

"Sheria haiigusi nyumba hii. Nimeisoma."

"Nakuamini. Lakini nikiinunua halafu ikatwaliwa, nitakwenda kumshitaki nani? Wewe? Msimu mzima wa asali yangu ya Usinge utakuwa umekwenda. Nami nina watoto."

Nilimtazama sana nikitafuta ujanja usoni mwake. Nilikuta mtu anayeogopa kama sisi, ila yeye ana fedha.

Bi Batuli alisema atafikiri. Zamani asingesema hivyo. Zamani angecheka.

Jumatatu, 3 Mei

Zamda amehama. Amepata chumba mtaa wa Kachoma. Nilimsaidia kufunga vyombo, nikamwuliza sababu. Akasema nyumba inayojificha ina jambo. Huyu ndiye aliyefanya mzaha Alhamisi. Udongo ameuona ukipakwa kwa macho yake! Sasa macho hayo hayo yanamwambia kwamba nyumba ni mbovu, na ameyaamini.

Mtu wa Puge ameniletea salamu za Sylvester, mtoto wa marehemu kaka yangu. Anasema: Shangazi, lete kiinua mgongo chako tukujengee huku kwenye kijiji cha Ujamaa, huko mjini majumba yanatwaliwa. Wakati huo huo jirani zangu wa hapa wananiambia: usiende kijijini, hutakuwa na kitu cha kusema ni chako. Kila mmoja anaogopa mahali ambapo yeye hayupo.

Jumatano, 5 Mei

Leo nilikuwa nafua uani niliposikia baiskeli ikiegemezwa. Bwana Afya wa mji. Anapita kuzikagua nyumba zilizopigwa na mvua. Ni Bernardo, niliyemfundisha shuleni Kipalapala, mtoto aliyekuwa akichonga penseli mpaka inakwisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bernardo. Umenenepa."

"Ni baiskeli ya Serikali, Mwalimu, inakwenda yenyewe."

Hapo utani ukaisha. Aliutazama ukuta, akaubonyeza kando ya ufa, udongo ukamdondokea kiatuni. Akatazama nguzo zilizopakwa majivu. Akainua jamvi, akalishusha.

"Nyumba hii haifai kukaliwa na watu."

Shomari aliruka kutoka kwenye cherehani. "Bwana Afya, huo ni udongo tu. Tumeupaka sisi wenyewe."

"Mmeupaka kwa nini?"

Utamwambiaje mtu wa Serikali kwamba ulikuwa unaificha nyumba isionwe na Serikali? Bi Batuli alikuwa amekaa kwenye kibao, akaitazama mikono yake. Basi nikasema mimi.

"Waliogopa, Bernardo."

Alielewa. Nilimwona akielewa, na hakucheka. Nilimshukuru moyoni kwa hilo. Hata hivyo alisema:

"Mwalimu, mimi naandika ninachokiona. Wewe ndiye uliyetufundisha. Jumatatu nitapita tena. Nikikuta mlango, baraza na ukuta mzima, nitaandika nyumba. Nikikuta gofu, nitaandika gofu. Na gofu hubomolewa, lisije likaua watu."

Akamuaga Bi Batuli, akapanda baiskeli.

Ndiyo hali yetu. Waliogopa nyumba isionekane ya thamani sana. Sasa inaweza kuvunjwa kwa kuonekana haina thamani kabisa. Haijapungua chumba wala kuongezeka chumba.

Ijumaa, 7 Mei

Maulidi. Bi Batuli alipika sufuria ile ile kubwa. Nilichagua mchele kama kawaida. Walikuja wanawake saba. Nimezoea kuona watu wakikosa pa kukaa. Walikaa karibu na jamvi, wakala wakiinua macho kila baada ya tonge kuutazama ufa. Bi Tatu wa nyumba ya pili alisema ana mgonjwa, akaenda zake sahani ikiwa nusu. Yule mgonjwa nilimwona asubuhi akinunua mkaa.

Walipoondoka Bi Batuli alinishika mkono.

"Mwalimu, nunua wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nunua kwa bei ya Lukumani. Uniachie chumba changu mpaka nife, na Shomari baraza la kushonea."

"Dada, bei hiyo ni dhuluma. Nilikusomea gazeti mimi mwenyewe. Nyumba ina thamani mara tatu ya hiyo."

"Ulinisomea. Kwako wewe ina thamani hiyo kwa sababu hukuogopa. Mimi nimekwisha ogopa, na nyumba ya mwoga haina bei."

Nikamwambia basi tuurudishe mlango tu, tumwite Abbasi seremala, mabati yapo, udongo utaoshwa. Gharama nitasaidia. Akatikisa kichwa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo katika miaka yote hii sikuwa nalijua.

Katika nyumba yao, anayetundika mlango ndiye mwenye nyumba. Babu aliutundika. Alipokufa ulishushwa, na baada ya arobaini baba yake akautundika. Baba alipokufa ulishushwa tena, akautundika Bi Batuli, na wapo waliosema kwamba mwanamke hatundiki mlango. Kwa hiyo mlango ule haushushwi ila kwa msiba.

"Shomari aliwaza wathamini, hakuwaza mlango. Ameniondoa, Mwalimu, nami ningali nakula."

"Basi autundike yeye."

"Akiutundika mimi nikiwa hai, atakuwa amenizika. Na mimi siwezi kuutundika mara ya pili. Kila gari la Serikali litakalopita nitadhani linakuja kwangu. Nimechoka kuwa mtu mwenye mlango."

Nilirudi chumbani. Mlango ulikuwa unaningoja kando ya kitanda.

Niandike kweli, kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Aliposema "nunua wewe" nilifurahi kabla sijahuzunika. Nimepanga vyumba vya watu tangu nilipotoka chuo cha masista. Nimekaa kwenye kitanda nikiwaza rangi ya madirisha. Kisha likapita gari barabarani, nami nikainua kichwa kusikiliza kama linasimama.

Miaka kumi na mmoja sijapata kuinua kichwa kwa ajili ya gari. Nilijiona jasiri kwa kuwa nilisoma sheria. Je, ni sheria iliyonipa ujasiri, au ni kwa kuwa nyumba haikuwa yangu?

Jumapili, 9 Mei

Nimerudi Misa ya kwanza nikamkuta Shomari akiosha ukuta peke yake. Hakuna aliyemtuma. Udongo unatoka, na chokaa iliyobaki inatoka pamoja nao. Ameona haya kunitazama.

"Shikamoo, Mama Mwalimu. Eda imekwisha mapema."

"Marahaba. Osha kwa kitambaa, usitumie brashi."

Mchana alikuja Bwana Lukumani. Ya Bernardo yamemfikia. Sasa hataki nyumba, anataka kiwanja na mlango. Mlango ataupeleka Dar es Salaam, amesikia kuna wazungu wa ubalozini wanaoipenda milango kama hii. Akaomba kuuona. Nikamruhusu asimame kizingitini mwa chumba changu. Aliutazama, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba babu yake naye alikuwa mpagazi, na huenda alikuwa mmoja wa wale walioubeba. Alikunywa kahawa yake. Alipoondoka alimwambia Bi Batuli kwamba hasubiri zaidi ya kesho.

Jioni Shomari amegonga kwangu na sahani iliyofunikwa kawa. Nilidhani ni pilau ya Maulidi iliyobaki.

"Mama amesema ni yako."

Nikafunua. Vigingi viwili vya mninga, vyeusi kwa kushikwashikwa. Ndivyo vinavyozuia mlango usianguke, na anayevipiga ndiye aliyeutundika.

Nimekwenda kwa Abbasi seremala nikamwomba aje kesho alfajiri na watu wake. Alikubali, kisha akauliza swali ambalo kila mzee wa mtaa huu angeuliza, nami tu sikulitegemea: "Nani atakayepiga vigingi?" Nikamwambia atajua kesho. Akasema, "Mwalimu, mimi ni wa kunyanyua tu. Wa kupiga lazima awe amesimama pale."

Nikipiga mimi kwa elfu sita, nitakuwa nimenunua hofu ya dada yangu kwa bei ya hofu. Nikilipa zaidi, kiinua mgongo kitakwisha, na nikitaka kujenga Puge nitajenga kwa fedha gani? Nikivirudisha vigingi, kesho Bernardo ataandika gofu, na Bwana Lukumani atauchukua mlango kurudi njia ile ile uliyokuja nayo. Nimejaribu kumshawishi Bi Batuli tena autundike mwenyewe, nikiwa nje ya dirisha lake. Akaniuliza tu kama sahani imefika.

Nimezifuta mbao vumbi kwa kanga yangu, ua kwa ua. Sijui kwa nini nimefanya hivyo kabla ya kuamua. Kuna mahali pembeni pamelainika kama kiganja. Huenda ndipo palipokaa bega la mtu.

Gari limepita nje. Nimelisikiliza mpaka likapotea.

Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Iko mezani hapa, mbele ya daftari. Ikishatoka nitaandika imerudi na nini, vigingi au fedha.